Deki ya kaseti imegoma: soma dalili kabla ya kushika bisibisi

Kaseti ya harusi ya shangazi yangu ilikatwa na deki niliyoinunua mimi mwenyewe. Niliipata kwenye lundo la vitu vya mtumba, taa zikawaka zote, vitufe vikaitika, nikaona ni nzima. Nikaingiza moja kwa moja kanda ambayo hatuna nakala yake. Dakika ya tatu sauti za waimbaji zikaanza kuvuta, na nilipofungua mlango utepe ulikuwa umejisokota kwenye rola. Baadhi ya nyimbo tuliziokoa. Sauti ya bibi akimwombea dua bwana harusi haikupatikana tena.

Tangu siku hiyo kila deki ya zamani inayoingia kwangu ninaihesabu kuwa mgonjwa mpaka ithibitishe uzima wake kwa kaseti isiyo na thamani. Deki nyingine unaweza kuitafuta ukaipata, lakini sauti iliyokatika haipatikani. Hitilafu ninazozieleza hapa ndizo zinazojirudia kwa watu wanaoniletea deki zao au kunipigia simu, na nimezipanga kwa dalili: kile unachokiona au kukisikia. Kwenye kila dalili chanzo cha kawaida kabisa kimetangulia na cha nadra kiko mwisho. Fuata mpangilio huo hata kama una hakika unajua tatizo.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Kaseti, au kanda, ni kasha zima la plastiki. Utepe ni ule ukanda mwembamba wa kahawia ulio ndani yake, wenye upana wa milimita 3.81. Mkanda ni mpira unaounganisha mota na magurudumu ndani ya deki. Kapstani ni kijiti chembamba cha chuma kinachong'aa, na rola ni kigurudumu cha mpira mweusi kinachoubana utepe kwenye kapstani. Viwili hivyo ndivyo vinavyouvuta utepe kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Spindeli ni vile vijiti viwili vinavyoingia kwenye matundu ya kaseti. Hedi ndiyo inayosoma sauti.

Kabla ya kuchomeka waya

Geuza deki usome kibandiko cha nyuma. Deki nyingi za mtumba zilitengenezwa Japani, na baadhi ziliuzwa hukohuko, ambako umeme wa majumbani ni volti 100. Zilizotoka Marekani ni volti 120. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya 240. Ukiichomeka deki ya volti 100 kwenye soketi yetu, ukiwa na bahati fyuzi itakatika. Usipokuwa nayo transfoma itaungua, na transfoma ya modeli ya mwaka 1981 si kitu cha kukipata dukani. Baadhi ya deki zina kiteuzi cha volti nyuma. Kigeuze kabla ya kuchomeka, si baada. Isiyo na kiteuzi inahitaji transfoma ya kupunguza volti. Deki hula umeme kidogo, kwa kawaida chini ya wati 40, hivyo transfoma ya wati 100 inatosha na kubaki.

Watu huniuliza pia kuhusu hezi, yaani mitetemo ya umeme kwa sekunde. Japani yenyewe imegawanyika, Tokyo wana hezi 50 na Osaka hezi 60, na deki nyingi za kaseti hutumia mota za umeme wa DC ambazo hazijali tofauti hiyo. Kwa hiyo hangaikia volti.

Ukiwa bado kwa muuzaji, tazama mambo matatu. Fungua mlango umulike hedi kwa tochi ya simu: uso wake uwe laini, usiwe na mfereji unaokwama ukucha unapoupitisha taratibu. Bonyeza rola kwa kidole: iwe na ulaini kidogo, isiwe ngumu kama kokoto wala ya kunata. Kisha angalia skrubu za kifuniko. Zikiwa zimeliwa vichwa au nusu hazipo, kuna mtu alishaingia humo akashindwa, na utarithi alichokiharibu. Kwa anayeanza, ningemshauri deki ya kaseti moja yenye vitufe vizito vya kubonyeza, yenye hedi mbili tu. Deki za hedi tatu na kapstani mbili ni tamu mno zikiwa nzima, lakini si za kujifunzia.

Haiwaki kabisa

Anza na soketi, kwa kuchomeka kitu kingine hapohapo. Kisha angalia waya wa umeme. Kwenye deki nyingi waya hukatikia ndani pale unapoingia kwenye boksi, kwa sababu ndipo ulipokunjwa kwa miaka. Baada ya hapo fyuzi. Chomoa deki, subiri dakika chache, fungua kifuniko, toa fyuzi uipime kwa mita. Ikiwa imekatika, weka mpya ya ampea zilezile zilizoandikwa. Usiifunge kwa waya wala kwa karatasi ya sigara, na usiweke kubwa zaidi. Fyuzi haikatiki bure.

Ikikatika ya pili, hapo ndipo pa kusimama. Chanzo kitakuwa transfoma, daraja la dayodi au kapasita za pawa, na kwenye transfoma unaingia umeme wa nyumba mzima mzima. Mpelekee fundi redio. Fundi mzuri ataiwasha deki kupitia balbu ya zamani ya wati 60 iliyounganishwa mfululizo na waya wa moto: balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, ndani hakuna shoti; ikibaki inawaka kwa nguvu, shoti ipo, na deki imesalimika kwa sababu balbu ndiyo iliyobeba mzigo.

Inawaka, unasikia mota ikizunguka, lakini kaseti haisogei

Hii ndiyo dalili ninayoletewa kuliko zote, na mara nyingi sana jawabu lake ni mkanda. Mpira wa miaka arobaini ama umelegea, ama umekatika, ama umegeuka lami. Sisemi lami kwa kutia chumvi: baadhi ya mikanda ya zamani huyeyuka ikawa uji mweusi unaonata kwenye gurudumu zito la kapstani, kwenye puli ya mota na kwenye kila kidole kinachoukaribia.

Vaa glavu. Uondoe uji huo wote kwa spiriti na pamba, ukibadilisha pamba kila inapojaa, mpaka pamba itoke nyeupe. Ukiacha hata alama nyembamba kwenye puli, mkanda mpya utateleza au utapanda na kushuka, na utafikiri umenunua mkanda mbovu.

Kupima mkanda mpya: ukiupata wa zamani mzima, upime mzunguko wake wote kwa uzi, kisha tafuta uliopungua kama asilimia 5 hivi, maana wa zamani umeshavutika. Tazama pia umbo. Unaozungusha kapstani mara nyingi ni bapa. Ya kuzungusha spindeli na kaunta (zile namba zinazohesabu mizunguko) kwa kawaida ni ya mraba. Wauzaji wa vipuri wa Luthuli Avenue Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam huwa na pakiti za mikanda mchanganyiko. Nenda na ule wa zamani mkononi. Mpira wa kufungia noti au mboga usiutumie hata kwa majaribio ya siku moja. Unene wake haulingani, na sauti itayumba.

Mkanda ukiwa mzima na bado hakuna mwendo, shuku grisi. Grisi ya kiwandani hukauka ikawa kama nta, na mikono inayosukuma hedi juu hukwama katikati. Deki inalia, inajaribu, haifiki. Safisha grisi ya zamani kwa spiriti, paka mpya kidogo sana kwenye nyuso zinazosuguana. Mafuta ya cherehani tone moja kwenye mhimili wa gurudumu zito yanafaa. Tone hilo lisiguse mkanda, rola wala kapstani inapopita utepe.

Chanzo cha nadra ni mota yenyewe. Ukiizungusha puli yake kwa mkono ukaihisi nzito au inakwaruza, inaelekea mwisho.

Inacheza sekunde chache kisha inasimama yenyewe

Deki imekulinda, kwa hiyo usitafute namna ya kuizuia isisimame. Nyingi zina kihisi kinachoangalia kama spindeli ya kukusanya utepe, ile ya kulia, inazunguka. Isipozunguka, deki inaamini kanda imefika mwisho au imenasa, na inajizima kabla utepe haujamwagika ndani.

Kwa hiyo ingiza kaseti ya majaribio na utazame spindeli ya kulia. Inasita? Kuna kigurudumu kidogo chenye ringi ya mpira kinachosukuma spindeli, na ringi hiyo hukauka ikang'aa kama kioo. Ioshe kwa maji yenye sabuni kidogo ya vyombo, ikaushe, kisha isugue kwa msasa laini mpaka mng'ao uondoke. Ikiwa imepasuka, badilisha.

Spindeli ikizunguka vizuri na deki bado inasimama, tazama kaunta. Kwenye modeli nyingi mkanda mwembamba wa kaunta ndio huohuo unaozungusha sumaku ya kihisi. Namba zikiwa zimelala, umeshampata mkosaji. Kihisi chenyewe kuharibika hutokea, ila mara chache, na kukipima kunahitaji mchoro wa saketi.

Inakula kanda

Kwanza, namna ya kuiokoa kaseti iliyonaswa. Zima deki kwenye soketi. Usivute kaseti kwa nguvu na usibonyeze kitufe cha kufungulia mara kumi. Ukiweza kulifikia gurudumu zito kwa nyuma, lizungushe kwa kidole kinyume cha mwendo wake, taratibu, utepe utajikunjua kutoka kwenye kapstani. Toa kaseti, nyoosha utepe kwa vidole vikavu, na uuzungushe urudi ndani kwa kalamu ya pembe sita. Ukiwa umekatika, unganisha kwa gundi-tepe maalumu ya kuungia utepe, upande wa nyuma usiogusa hedi. Selotepu ya ofisini huyeyusha gundi yake, hujaa kwenye hedi na kuvuta tabaka la utepe la mzunguko unaofuata.

Sasa vyanzo, kwa mpangilio ninaokutana nao:

1. Uchafu kwenye rola na kapstani. Unga wa kahawia wa utepe hujikusanya, unakuwa wa kunata, utepe unaushikilia na kujiviringisha. Safisha kapstani kwa kijiti cha pamba chenye spiriti huku inazunguka, na rola kwa maji ya sabuni kidogo. Usitumie kisu wala msasa kwenye kapstani. Mkwaruzo mmoja unaiharibu kabisa.

2. Spindeli ya kukusanya haina nguvu. Kapstani inatoa utepe, lakini hakuna anayeupokea, hivyo unamwagika. Deki ikiwa inacheza bila kaseti (nyingi zina kiswichi kidogo cha kubonyeza ili zidhani kaseti ipo), ishike spindeli ya kulia kwa vidole viwili. Unatakiwa uhisi upinzani laini usiokatika. Ikisimama kwa mguso mwepesi, rudi kwenye ringi ya mpira na mkanda niliokwisha kuutaja.

3. Rola imekuwa ngumu au imelika upande mmoja. Utepe hupanda au kushuka badala ya kwenda sawa, na ukitoa kaseti utaona ukingo wa utepe umekunjamana kama pindo la leso lililopigwa pasi vibaya. Badilisha rola. Pima kipenyo, upana na unene wa mhimili wake kabla ya kuagiza.

4. Kaseti yenyewe. C120, yaani kaseti ya dakika 120, ina utepe mwembamba kuliko wote, mikroni 9 tu hivi, wakati C60 ya dakika 60 ni kama 18. Sizichezi C120 kwenye deki ambayo haijapita majaribio ya saa kadhaa. Kaseti inayolia inapozungushwa kwa mkono ina tatizo lake na haifai kupimia deki.

Baada ya kurekebisha, cheza kaseti ya majaribio pande zote mbili, mwanzo hadi mwisho, ukisimama kuitazama kila baada ya muda. Utepe hubadilisha uzito kadiri unavyohama kutoka spindeli moja kwenda nyingine, na deki inayofaulu mwanzo wa kaseti inaweza kushindwa mwishoni.

Sauti inayumba, au kasi si yenyewe

Tenganisha mambo mawili. Sauti inayopanda na kushuka ni mkanda uliochoka, rola iliyolika, au uchafu kwenye puli. Sauti iliyo sawa lakini nyembamba au nzito mno kwa muda wote ni kasi ya mota.

Kasi usiipime kwa kanda za mtaani. Kaseti nyingi za taarab na mawaidha tulizokulia nazo zilinakiliwa kutoka deki hadi deki, na kila deki iliongeza kosa lake. Tumia kaseti iliyorekodiwa kiwandani ambayo unajua muda wa nyimbo zake kutoka kwenye CD. Cheza sehemu ya dakika 10 na saa mkononi. Tofauti ya sekunde 6 ni asilimia 1. Mwenye kaseti ya kupimia yenye sauti ya hezi 3000 atatumia programu ya simu inayosoma masafa: ikisoma 3060, deki inakimbia kwa asilimia 2.

Nyuma ya mota nyingi kuna tundu dogo, na ndani yake kirekebisho cha kasi. Iache deki icheze nusu saa ipate joto, kisha tumia bisibisi nyembamba, ya plastiki ukiipata, uzungushe kidogo kama upana wa mshale wa saa. Sikiliza, pima, rudia. Mota isiyoitika hata kidogo, au inayokimbia ghafla na kurudi, imeharibika saketi yake ya ndani. Ni rahisi kubadilisha mota nzima kuliko kuifungua.

Narudia: mikanda kwanza. Nimeona mota nyingi zilizoongezwa kasi ili kufidia mkanda unaoteleza.

Sauti imefifia, kama imefunikwa blanketi

Uchafu kwenye hedi ndio wa kwanza, wa pili na wa tatu. Spiriti ya aisopropili ya asilimia 99, kijiti cha pamba, futa mpaka pamba ibaki nyeupe, subiri ikauke. Spiriti ya hospitali yenye harufu kama ya dawa ya kuchua usiitumie: ndani yake kuna mafuta, na mafuta yatabaki kwenye hedi.

Kisha tazama vitufe. Dolby, mfumo wa kupunguza kelele za utepe, ikiwa imewashwa kwa kanda isiyorekodiwa nayo, trebo (sauti nyembamba za juu) inazama. Kanda nyingi za kwetu hazikurekodiwa nayo, kwa hiyo izime. Angalia pia kiteuzi cha aina ya utepe: kaseti ya kawaida ikichezwa kwenye alama ya kromu hupoteza mng'ao kidogo.

Zote zikiwa sawa, tunafika kwenye azimuthi, na hapa naomba utulie, kwa maana ndipo pana utamu na ndipo watu wanapoharibu. Uwazi mwembamba kwenye hedi lazima usimame wima kabisa mbele ya utepe. Ukiinama hata kwa kiasi kidogo sana, trebo yote inapotea ingawa hedi ni safi na nzima. Nakamichi waliliona jambo hili zito kiasi cha kuunda Dragon mwaka 1982, deki inayogeuza hedi yake yenyewe ikifuata utepe unaopita.

Ubavuni mwa hedi kuna skrubu mbili. Moja imekazwa, nyingine iko juu ya springi, na mara nyingi imetiwa tone la rangi. Ya springi ndiyo ya azimuthi. Kabla hujaigusa, ipige picha na weka alama ya kalamu inapoelekea. Cheza kaseti ya kiwandani, badilisha amplifaya iwe mono, na zungusha taratibu, robo ya mzunguko isifike. Utasikia sauti ikifunguka, vyombo vya shaba vikitoka mbele, kisha ikifunga tena ukipitiliza. Rudi pale ilipofunguka zaidi.

Kanda ya nyumbani iliyorekodiwa kwenye deki iliyopinda itasikika kifinyu hata kwenye deki iliyonyooka. Hapo inaruhusiwa kuigeuza azimuthi ifuate kanda hiyo wakati unaihamisha kwenye kompyuta, kisha uirudishe kwa kaseti ya kiwandani. Nimesikia Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab, akitoka kwenye ukungu kwa njia hiyo, na udi ukasikika kila uzi.

Hedi iliyoshika usumaku huleta shiii na trebo dhaifu. Kiondoa usumaku kiwashe ukiwa mbali na deki iliyozimwa, kisogeze taratibu, kipitishe, kiondoe taratibu mpaka kama mita moja, ndipo ukizime. Kaseti zote ziwe chumba kingine.

Mwisho kabisa ni hedi iliyolika. Hedi za kioo na feraiti, kama zile za Akai GX, hudumu muda mrefu sana. Za chuma laini hulika mapema. Mfereji mzito hauna dawa ya nyumbani. Kulinganisha hedi mpya ni kazi ya fundi mwenye kaseti za vipimo na osiloskopu.

Upande mmoja hausikiki

Badilishana nyaya za kushoto na kulia nyuma ya amplifaya. Tatizo likihama, ni waya au amplifaya. Likibaki, ni deki.

Ndani ya deki, safisha hedi kwanza. Kisha kuna swichi ndefu ya kuteleza inayobadilisha kati ya kucheza na kurekodi, na hiyo ndiyo adui mkubwa, hasa kwa deki zilizokaa pwani kwenye hewa ya chumvi. Pulizia dawa ya kusafishia swichi kidogo, kisha bonyeza na uachie kurekodi mara ishirini au thelathini bila kaseti ya maana ndani. Mara nyingi upande uliokufa hurudi hapohapo. Ukiwa bado kimya, angalia nyaya nyembamba nyuma ya hedi, huenda mmoja umeachia risasi ya kulehemu. Usipime hedi kwa mita ya omu. Mkondo wake mdogo unatosha kuitia usumaku.

Mvumo

Mvumo mzito usiobadilika: sogeza deki mbali na amplifaya, maana transfoma ya jirani huingia kwenye hedi. Kisha jaribu nyaya nyingine. Ukiwa unazidi kadiri deki inavyokaa imewashwa, kapasita za pawa zimechoka, na hiyo ni kazi ya fundi isipokuwa umeshazoea kulehemu na unajua kutoa chaji iliyobaki ndani yake.

Hairekodi, au sauti ya zamani inasikika chini ya mpya

Angalia vile vipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti. Vikiwa vimevunjwa, deki imefanya kazi yake kwa kukataa. Kisha swichi ileile ya kucheza na kurekodi. Sauti ya zamani ikibaki chini, hedi ya kufutia ni chafu, au saketi inayotengeneza masafa ya juu ya kufutia imedhoofika. Ya pili mwachie fundi.

Na ukiwa hapo, chukua kila kaseti ya sauti za nyumbani uliyonayo uvunje vipande vyake vyote viwili leo.

Mlango haufunguki

Kwenye deki za vitufe vyepesi vya umeme, mlango na hedi husogezwa na mota ndogo yenye mkanda wake mdogo, ambao nao huwa lami. Deki ikikosa umeme, au mkanda huo ukifa, kaseti inafungiwa ndani. Ondoa kifuniko cha juu, tafuta gurudumu lenye meno au puli ya mota hiyo, uizungushe kwa kidole mpaka hedi ishuke. Kuingiza bisibisi pembeni mwa mlango kutavunja ndoano ya plastiki, na ndoano hizo hazipatikani.

Kuna unga mweupe kwenye utepe

Mulika dirisha la kaseti. Ukiona utando mweupe au nyuzi kama za pamba kwenye ukingo wa utepe, ni ukungu. Nyumba zetu za pwani zina unyevu, na kaseti iliyokaa miaka kabatini karibu na ukuta haisalimiki kirahisi.

Usiicheze. Ukiicheza utaupaka ukungu kwenye hedi na rola, na kila kaseti itakayofuata itaupata. Iweke peke yake kwenye mfuko pamoja na vipakiti vya kukaushia unyevu, mahali pakavu penye kivuli. Usiianike juani, kasha litapinda. Vaa barakoa ukiishika, hasa ukiwa na pumu. Kaseti ikiwa na sauti usiyoweza kuipata kwingine, itafutie mtu anayefanya kazi ya kuhifadhi kanda, mwenye deki aliyoitenga kwa ajili hiyo. Isiyo na thamani itupe, usiifanye ya majaribio.

Za kwangu zenye ukungu ziko tano, kwenye boksi la bati lililofungwa, na jina la kila moja limeandikwa juu kwa kalamu ya wino mzito. Hazijachezwa bado. Zinasubiri deki ya pili, ambayo rola yake iko njiani.